Rungu liko mtaani, ufunguo uko halmashauri

Matangazo ya ulinzi shirikishi yamerudi. Yanapita kwa kipaza sauti juu ya bajaji, yanabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya serikali ya mtaa, yanarushwa kwenye kundi la WhatsApp la majirani: kila kaya itoe elfu mbili kwa mwezi, kwingine elfu tano, vijana wanaanza doria. Mjadala unaofuata ni ule ule wa miaka yote. Viongozi wanalalamika kwamba wananchi ni wagumu kutoa. Wananchi wanajibu kwamba wakitoa, fedha zinaliwa. Kila upande una ushahidi wake, na ndiyo maana ubishi hauishi. Lakini wote wanazungumzia vijana wa doria na posho yao, kana kwamba hapo ndipo usalama wa mtaa unapoanzia na kuishia.

Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopotea. Sehemu kubwa ya usalama wa mtaa huamuliwa mchana, kwenye ofisi za halmashauri, kabla kijana wa doria hajashika rungu. Huamuliwa pale leseni ya baa inaposainiwa, pale ofisa biashara anapopita au asipopita kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, pale taa ya barabarani inapoungua na ikakosekana ofisi ya kuibadilisha. Ulinzi shirikishi unakwama kwa sababu mshirika mwenye mamlaka hayo hayumo. Polisi wapo, mwenyekiti wa mtaa yupo, vijana wapo, wananchi wenye elfu mbili zao wapo. Halmashauri, yenye bajeti, sheria ndogo na maofisa wanaolipwa mshahara, imekaa pembeni na hakuna aliyeiuliza.

Ili kuelewa ilifikaje huko, inabidi turudi nyuma kidogo. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 ulipoingia mfumo wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za miji zilirudi mwaka 1978, sheria za kuzirejesha zote zikapitishwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi rasmi mwaka 1984. Katikati ya ombwe hilo vita vya Kagera vilipiganwa na kwisha, silaha zikazagaa, na wizi wa ng'ombe ukawa mauaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Usukuma na Unyamwezi, kuanzia pande za Kahama, wakajikusanya wenyewe na mishale yao na filimbi zao. Hao ndio sungusungu. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwatambua. Tuangalie jambo moja hapa: jeshi hili la wananchi lilizaliwa wakati wilayani hakuna halmashauri. Waliokuwa upande wa serikali ni mkuu wa wilaya, chama na polisi. Naamini tabia ile tuliibeba hadi leo. Halmashauri ziliporudi zilikuta kiti cha ulinzi kimeshakaliwa, nazo zikaendelea na madarasa, zahanati na ushuru.

Katiba, hata hivyo, haikuziacha zipumzike. Ibara ya 146 inataja kazi tatu za vyombo vya serikali za mitaa, na ya pili ni "kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi". Hayo ni maneno mazito. Sasa fuata ngazi moja moja uone yanavyopotea njiani. Kijiji, kwa sheria, kina kamati tatu za kudumu, na moja ni ya ulinzi na usalama. Mjini, mwenyekiti wa mtaa na kamati yake hubeba mzigo huo huo. Ukipanda hadi wilayani unakuta Kamati ya Ulinzi na Usalama inayoongozwa na mkuu wa wilaya, akiwa na mkuu wa polisi wa wilaya na wakuu wa vyombo vingine. Lakini ingia kwenye halmashauri, ile yenye madiwani waliochaguliwa na mkurugenzi mwenye kushika fungu, uhesabu kamati zake za kudumu: fedha ipo, elimu na afya zipo, uchumi, ujenzi na mazingira vipo, UKIMWI upo, maadili yapo. Ulinzi haupo. Uzi umeanzia kijijini, umekatika halmashauri, na umeonekana tena kwa mkuu wa wilaya ukiwa na rangi nyingine. Taarifa ya mwenyekiti wa mtaa kuhusu pagale linalofichwa vitu vya wizi inaweza kumfikia mkuu wa kituo cha polisi jioni ile ile. Kwa ofisa wa mipango miji mwenye uwezo wa kumwandikia barua mwenye pagale, haina njia rasmi ya kufika.

Nitoe mfano ambao kila mkazi wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha ameuona. Mita ya maji inang'olewa usiku. Kesho yake ni mfuniko wa chemba, keshokutwa ni nondo za jirani anayejenga, wiki ijayo sufuria za mama ntilie. Doria ikizunguka, wizi unahamia mtaa wa pili. Lakini vitu vyote hivi vinaishia mahali pamoja: kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye mara nyingi yuko hatua chache kutoka barabara kuu, ana bango, na anafungua asubuhi kama mwenye duka lingine lolote. Kijana wa doria hana mamlaka ya kuingia pale na kumuuliza mita hii umeitoa wapi. Polisi anaweza, akipata mlalamikaji mwenye kuitambua mali yake, na mita iliyokwisha kupondwa haitambuliki. Ofisa biashara wa halmashauri ndiye anayeweza kufika pale bila mlalamikaji yeyote. Sheria ndogo ya halmashauri ingeweza kumtaka mnunuzi aandike jina na kitambulisho cha kila aliyemletea mzigo, na ingeweza kumfungia akishindwa. Daftari moja kwenye mizani lingefanya kazi ambayo rungu ishirini hazijaiweza kwa miaka. Ndivyo ilivyo pia kwa baa inayokesha katikati ya makazi, kwa kijiwe cha bodaboda ambako hakuna orodha ya madereva, kwa soko linalofungwa usiku bila mlinzi wala taa. Vyote ni mambo ya leseni, ushuru na usajili. Tunayaita uhalifu yakishaharibika.

Nilihudhuria mkutano wa mtaa ambapo ajenda ya ulinzi ilichukua zaidi ya saa moja. Mtendaji alisoma majina ya kaya zilizochangia na zisizochangia. Kisha mama mmoja muuza vitumbua akasimama. Hakuuliza habari ya michango. Alisema yeye anatoka nyumbani saa kumi alfajiri, na kwamba watu wanaporwa mahali pamoja tu, kwenye daraja la mtoni, tangu taa ya pale ilipozimika. Akauliza nani anabadilisha taa. Mwenyekiti akamtazama mtendaji, mtendaji akasema barabara ni ya TARURA. Mtu mwingine akadakia kwamba umeme ni wa TANESCO. Wa tatu akasema nguzo zile ziliwekwa na mradi, na mradi ulishakwisha. Mtendaji akaandika kwenye daftari, "Taa ya darajani," na mkutano ukarudi kwenye orodha ya wasiochangia.

Kila mmoja pale alisema kweli kwa kipande chake. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zimekuwa chini ya TARURA badala ya halmashauri. TANESCO inauza umeme. Miradi mikubwa kama DMDP, ule wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, imejenga barabara nzuri zenye taa. Lakini swali la yule mama lilihitaji mtu mmoja wa kulibeba, wa kuwaita hao wote na kuwauliza mpaka taa iwake. Kazi ya namna hiyo, ya kuwakalisha washirika meza moja kwa niaba ya wakazi, ndiyo kazi hasa ya halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa hana barua yenye uzito wa kuita meneja. Mkuu wa kituo cha polisi ana barua hiyo, ila taa si kazi yake.

Wapo wanaopinga kuiingiza halmashauri katika ulinzi, na hoja yao nzito ni hii: polisi ni chombo cha Muungano, kinaongozwa na Inspekta Jenerali (IGP), na haifai kiwe na bwana wa pili kila wilaya. Wanaongeza kwamba taarifa za kiintelijensia haziwezi kujadiliwa kwenye baraza la madiwani linalokaa hadharani, na kwamba diwani ni mwanasiasa. Ukimpa mkono kwenye ulinzi atautumia kwa wapinzani wake. Hofu hii naiheshimu. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, chama kimoja kilipata zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za uenyekiti wa vijiji na mitaa, huku vyama vya upinzani vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa. Mahali penye hali hiyo, kumwongezea kiongozi wa chama nguvu za kukamata na kulinda ni jambo la kufikiria mara tatu. Ila tazama ninachoomba. Siombi diwani aamuru kukamatwa kwa mtu, wala asomewe siri za upelelezi. Naomba halmashauri itumie kwa ajili ya usalama mamlaka ambayo inayo tayari: leseni, vibali, sheria ndogo, bajeti, maofisa ustawi wa jamii. Hakuna siri ya taifa kwenye leseni ya baa.

Hoja ya pili ni ya fedha: halmashauri nyingi zinaishi kwa kutegemea Hazina, mapato yao ya ndani ni kidogo, na tayari yamegawanywa. Ni kweli kwa halmashauri nyingi za vijijini. Kwa majiji na manispaa naipokea nusu. Manispaa hizo hizo hupata fedha za kulipa mgambo wa kuondoa wamachinga na kusimamia ushuru. Tumezoea kuwaona wakiwa na magari na sare. Nguvu ya halmashauri basi ipo. Imeelekezwa kwenye meza ya muuza machungwa. Vilevile sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Kwenye vikao vya mikopo hiyo, huwa anaulizwa nani kwamba vijana wa kata ipi ndio wanaoingia na kutoka mahabusu? Polisi kata anayo picha hiyo kichwani. Ofisa maendeleo ya jamii anayo fomu ya mkopo. Wanafanya kazi kata moja, pengine jengo moja, na hakuna kikao kinachowakutanisha kwa ajili hiyo.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi, ni kwamba ulinzi shirikishi unakufa kwa sababu watu hawana moyo wa kujitolea. Nani aliyewahi kuishi uswahilini akaamini hivyo? Watu hao hao, msiba ukitokea, daftari la rambirambi linajaa kabla maiti hajatoka hospitali. Wanachangia harusi kwa kadi, wanacheza vikoba na upatu kila wiki, wananunua magodoro ya mtoto wa jirani anayekwenda bweni. Wanachotofautisha ni daftari linalosomwa na lisilosomwa. Kwenye msiba, kamati inasimama mbele ya watu na kutaja kilichoingia, kilichonunua sanda, kilichobaki na aliyekabidhiwa. Kwenye ulinzi, mkazi anasomewa majina ya wasiotoa. Ni mara chache anasomewa kilichotumika. Isitoshe mtaa, tofauti na kijiji, si mamlaka inayojitegemea kisheria. Hauwezi kutunga sheria ndogo. Anapotishiwa kwamba asipotoa hatagongewa muhuri wa barua ya utambulisho, mkazi anajua, hata kama hajasoma sheria, kwamba hapo kuna jambo halijakaa sawa. Anayeweza kulikalisha sawa ni halmashauri, kwa sheria ndogo yenye kiwango, stakabadhi na ukaguzi.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi ya michango, nalo ni wale vijana wenyewe. Septemba 2022, makundi yenye mapanga yanayoitwa Panya Road yalipovamia nyumba Dar es Salaam na kuua, agizo la kufufua ulinzi shirikishi lilisikika tena, na vijana wakatoka. Kijana wa doria anatoka na rungu, filimbi na tochi ya simu kukabili panga. Akikatwa mkono, yeye si mwajiriwa wa mtu. Hana mfuko wa fidia unaomtambua, na bili ya hospitali inarudi kwenye mchango wa majirani. Upande wa pili ni wa kutisha vilevile. Kijana asiyefundishwa sheria ya ukamataji, aliyemkamata mtu saa nane usiku, amezungukwa na watu waliochoka kuibiwa, ndiye mwanzo wa habari fupi tunazozisoma gazetini za "wananchi wenye hasira kali". Historia ya sungusungu inayo sura hiyo pia; heshima yao ya kurudisha ng'ombe haifuti watu waliouawa bila kufikishwa mbele ya hakimu. Tunapowatuma vijana bila mafunzo, bila orodha, bila bima na bila mtu wa kuwajibika, tunawaweka wao na tunaowatuhumu kwenye hatari moja.

Na imani kwa polisi imekuwa ngumu zaidi. Polisi jamii ilikuwa nguzo mojawapo ya maboresho ya jeshi hilo enzi za IGP Said Mwema, zama za "utii wa sheria bila shurti", na kupeleka wakaguzi kwenye kata kulitokana na fikra nzuri: askari mwenye jina na namba ya simu inayojulikana na wakazi. Lakini baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 na siku za amri ya kutotoka nje zilizofuata Dar es Salaam, ziko nyumba ambazo askari akibisha hodi kwa nia njema, mlango haufunguliwi. Hali hiyo haiondolewi kwa semina. Katika kipindi kama hiki mshirika wa kiraia, asiyebeba bunduki, mwenye kutoa huduma ambazo watu wanazihitaji, anahitajika zaidi kuliko wakati mwingine wowote. Ofisa ustawi wa jamii anaweza kuingia nyumba ambayo polisi haingii.

Jirani zetu wa Kenya waliliona pengo hili wakaliandikia sheria. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, kifungu cha 41, inaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti ikiongozwa na gavana au mtu aliyemteua, ndani yake wakiwa maofisa wa polisi, wawakilishi wa bunge la kaunti, wafanyabiashara, dini, wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi ni chombo kizuri. Kwenye utekelezaji kilikwama kwa miaka kwenye mvutano wa magavana na makamishna wa kaunti wa serikali kuu, ambao tayari wana kamati zao za usalama, huku serikali kuu Nairobi ikisukuma mpango wa ulinzi wa majirani wa Nyumba Kumi kuanzia 2013, jina ambalo asili yake ni kwetu, kwa mabalozi wa nyumba kumi wa enzi za TANU. Ukweli huo unaniambia kwamba kuunda chombo kipya pembeni ya chombo cha zamani ni kuanzisha ugomvi. Uingereza walichukua njia nyingine mwaka 1998. Sheria yao ya uhalifu ya mwaka huo iliwalazimisha halmashauri na polisi kupanga pamoja, lakini kifungu ninachokipenda ni cha 17: kila halmashauri, katika kila kazi yake, izingatie athari ya uamuzi wake kwa uhalifu na vurugu. Kila kazi, kuanzia bustani, mabasi na leseni hadi upangaji wa nyumba. Hawakufika peponi, bajeti zilipokatwa baada ya 2010 vikao vingi vilibaki maneno. Lakini wajibu uliandikwa kwenye kazi za kila siku za halmashauri, na huo ndio tunaoweza kuuiga bila kumgombanisha mkuu wa wilaya na mtu yeyote.

Kwa kwetu ingekuwa hivi. Kila hoja ya leseni, kibali au mradi inayoletwa kwenye kamati ya madiwani iambatane na maoni ya polisi kata na ya kamati ya mtaa husika, kwa maandishi, mistari mitano inatosha. Mkurugenzi amteue ofisa mmoja, ajulikane kwa jina na simu, ambaye taa, mapagale, mitaro isiyo na mifuniko na vichochoro ni kazi yake; awe ndiye anayewaandikia TARURA na TANESCO na kurudisha majibu kwa mwenyekiti wa mtaa. Polisi kata atoe taarifa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, siyo ya upelelezi, bali ya mahali na saa: wapi wameporwa, saa ngapi, mara ngapi. Michango ya ulinzi iwe na sheria ndogo au isiwepo. Vijana wa doria waandikishwe, wafundishwe na polisi, wakatiwe bima kutoka mapato ya ndani. Ikishindikana bima, basi wasitumwe usiku kukabili mapanga kwa niaba yetu. Najua kipengele hiki cha mwisho kitawaudhi wengi, nami siwezi kukilegeza.

Madiwani wa sasa ndio kwanza wameanza muhula wao, na mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Kati ya mkutano wa mtaa na bajeti ya halmashauri kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, kuna kamati ya fedha, kuna baraza. Ajenda ya "Taa ya darajani" ingeweza kupita kote huko na ikatengewa fungu. Mara yangu ya mwisho kupita pale darajani ilikuwa alfajiri, siku za doria. Vijana wawili walikuwa wamesimama mbele ya duka lililofungwa, hatua kama thelathini kutoka darajani, chini ya balbu ambayo mwenye duka huiacha ikiwaka usiku kucha kwa LUKU yake. Nilipowauliza kwa nini hawasimami darajani kwenyewe, mkubwa wao alinijibu, "Mzee, pale giza. Hata sisi tunaogopa."